BUNDUKI ALIYOACHA MAREHEMU: UMRI WAKE NA BEI YAKE

Mtu akifa, watu hukumbuka shamba, nyumba, ng'ombe na fedha. Vitu vidogo vilivyoegemezwa nyuma ya kabati husahauliwa, na mara nyingi ndivyo viletavyo ugomvi baada ya matanga. Leo tutazame kitu kimoja cha namna hiyo, ambacho kimo katika nyumba nyingi za mashambani huko Marekani: bunduki ndogo ya .22.

Tuseme mama mmoja wa Pennsylvania amefiwa na mumewe. Ana watoto watatu, wote watu wazima. Imebaki bunduki ambayo baba yao alikuwa akiwindia sungura na kindi. Shemeji yake yuaja kumpa pole, aiona, asema: "Shemeji, hiki ni kibunduki cha watoto tu. Nitakupa dola mia moja, nikuondolee taabu." Kijana wa mama naye amekwisha leta msasa na vanishi, ataka kuing'arisha kwanza ili ipate bei. Shemeji hana hila, wala kijana hana nia mbaya. Lakini wote wawili wako karibu kumpotezea mjane mali yake.

Ni bunduki ya namna gani?

Risasi za bunduki kubwa zina fataki yake katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 si hivyo. Dawa ya kuwashia baruti imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na sindano ya bunduki hupiga ukingoni. Risasi fupi ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1857, na ile ndefu zaidi itumikayo mno hata leo, iitwayo .22 Long Rifle, ilitokea mwaka 1887. Ni rahisi, haina kishindo kikubwa, na kwa hiyo viwanda vilitengeneza bunduki zake kwa mamilioni. Watu huona nyingi, hudhani zote ni sawa. Hapo ndipo wanapokosea.

Kwanza, usalama

Kabla ya kusoma lolote juu ya chuma, elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, weka kidole mbali na kifyatulio, fungua mitambo na utazame ndani kama mna risasi. Bunduki nyingi za .22 huweka risasi katika bomba refu chini ya mtutu, na risasi moja yaweza kukwama humo miaka mingi pasipo kuonekana. Asiyejua kuifungua asiiguse, amwite ajuaye. Tena usiifyatue tupu kwa kuijaribu. Katika bunduki nyingi za zamani za .22 sindano hupiga chuma cha mtutu penyewe na kuacha kovu, na kovu hilo hupunguza bei.

Kusoma umri wake

Sasa mama achukue taa na daftari, aandike kila neno na kila namba iliyochongwa: jina la kiwanda, jina la modeli, na namba ya bunduki. Modeli yenyewe husema mengi. Winchester Modeli 67, bunduki ya risasi moja moja, ilitengenezwa tangu 1934 hata 1963. Winchester Modeli 61, ambayo mpigaji huvuta mkono wa mbao chini ya mtutu ili kuleta risasi nyingine, ilianza 1932 ikakoma 1963. Zile za miaka ya kwanza hazina mifereji juu yake ya kufungia darubini.

Viwanda vingine vilificha tarehe katika alama. Remington, tangu 1921 na kwa miaka mingi baadaye, walichonga herufi ndogo ubavuni mwa mtutu, upande wa kushoto karibu na mitambo. Herufi ya kwanza ni mwezi, na miezi yote kumi na miwili hufuata herufi za BLACKPOWDERX: B ni Januari, L ni Februari, A ni Machi, hata X ambayo ni Desemba. Herufi ya pili ni mwaka, lakini herufi hizo zilirudiwa baada ya miaka kadha. Basi hapana budi kujua modeli ilitengenezwa lini. Bunduki za Marlin za miaka ya 1973 hadi 1999 ni hesabu ya mtoto wa shule: toa tarakimu mbili za kwanza za namba katika 100. Ikianza na 22, basi 100 kutoa 22 ni 78, yaani mwaka 1978.

Je, bunduki isiyo na namba ni ya wizi? Siyo lazima. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ndiyo iliyoagiza kila bunduki mpya iwe na namba. Kabla ya hapo bunduki nyingi za bei rahisi za .22 hazikutiwa. Lakini namba iliyokuwapo ikafutwa kwa tupa ni jambo jingine kabisa. Hilo ni kosa la jinai, na mwenye kuikuta amwendee mwanasheria kabla ya kuiuza.

Kadhalika, jina la duka laweza kuficha kiwanda. Sears waliuza bunduki zenye jina J. C. Higgins, na baadhi yake zilitengenezwa na Marlin.

Kupima hali yake

Baada ya umri ni hali. Tazama rangi ya buluu-nyeusi iliyotiwa chumani na kiwanda: imebaki kiasi gani? Tazama mbao: zina ufa? Skurubu zimeharibiwa na bisibisi? Tazama ndani ya mtutu: mifereji yang'aa, au ina mashimo ya kutu? Risasi za kabla ya miaka ya 1930 ziliacha chumvi ndani ya mtutu, ndiyo sababu mitutu mingi ya zamani imeliwa.

Na hapa kijana aweke msasa wake chini. Wanunuzi wa vitu vya kale hutaka rangi ya kiwanda, hata kama imechakaa. Bunduki iliyosuguliwa na kupakwa upya hung'aa machoni, lakini thamani yake huanguka sana, wala hairudi. Mafuta kidogo na kitambaa laini vyatosha.

Bei ya haki

Modeli 67 iliyo katika hali ya kawaida huuzwa kwa dola mia chache tu. Modeli 61 iliyotunzwa vizuri hufika dola elfu moja na zaidi. Basi kama bunduki ya mama yetu ni Modeli 61, zile dola mia moja za shemeji zingalikuwa hasara kubwa, na hasara hiyo ingalileta uchungu katika ukoo siku watakapoijua kweli.

Ili kujua bei, mama asitazame bei wanayoitaka wauzaji, bali bei zilizolipwa kweli katika minada. Kipo pia kitabu cha bei kiitwacho Blue Book of Gun Values. Awaulize wenye maduka wawili au watatu, akikumbuka kwamba mwenye duka hununua kwa bei ya chini kuliko atakayouzia, maana naye hutafuta riziki.

Kisha bei hiyo iandikwe katika orodha ya mirathi pamoja na vitu vingine. Kama kijana aitaka kwa ukumbusho wa baba yake, apewe, na thamani yake ihesabiwe katika fungu lake, dada zake wasipunjwe. Sheria ya Marekani huruhusu mrithi kupokea bunduki hata akikaa jimbo jingine, ikiwa yeye mwenyewe hakukatazwa kuwa nayo. Lakini majimbo mengine yana masharti yao, na msimamizi wa mirathi ayaulize.

Huku kwetu, Tanzania na Kenya, bunduki hushikwa kwa leseni ya mtu kwa jina lake, na leseni hiyo hairithiwi. Ukikuta bunduki ya marehemu, usiifiche wala usiiuze. Pelekeni habari polisi mara moja. Lakini somo la yule mjane latufaa hata kwa cherehani, saa ya mfukoni au baiskeli ya mzee. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tusikisugue kitu, wala tusikiuze, kabla hatujakijua.