UZI: "Warudishiwe nyumba zao!" Nyumba gani, na kwa karatasi gani?

1/ Kampeni zikianza Nairobi, hizi kauli mbili hazikosi. Mmoja anapanda jukwaani: "Waliofukuzwa 2008 warudishiwe nyumba zao!" Mwingine anajibu: "Hiyo ardhi ni ya serikali, nyumba ni ya anayeishi ndani!" Wote wanapigiwa makofi. Hebu tuangalie polepole, bila kutaja mwanasiasa wala chama.

2/ Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na laki kadhaa wakahama makwao. Kibera, soko la Toi liliteketea, na familia nyingi zikakimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Vijiji vilivyokuwa vimechanganyika vikajigawa. Hakuna aliyechora mpaka, lakini kila mtu aliujua.

3/ Waliotoka waliacha nyumba. Zingine zilichomwa. Zingine zilibaki zimesimama, watu wakaingia. Kwingine wapangaji walibaki palepale, ila kodi ikaacha kumfikia mwenyewe, kwa sababu mwenyewe anaogopa kuja kuidai.

4/ Chukua mfano, huu ni wa kubuni. Mama amejenga vyumba 10 vya mabati Gatwekera miaka ya tisini. 2008 anakimbia. Leo ndani kuna familia iliyoingia ikiwa nayo imefukuzwa kwingine, na watoto waliozaliwa humo. Sasa sema: nani mwenye nyumba?

5/ Ukijibu haraka umekosea, kwa sababu hapo kuna vitu vinne, si kimoja:
– ardhi iliyo chini
– kuta na mabati
– haki ya kuishi ndani au kupokea kodi
– riziki: stoo, cherehani, kibanda cha mboga
Mama hakuwahi kuwa na cha kwanza. Alipoteza vitatu vilivyobaki.

6/ Kwa nini hakuwa na ardhi? Rudi nyuma. Waingereza waliwaweka wanajeshi Wanubi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, na 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 likatangazwa hifadhi ya jeshi. Hati hawakupewa. Serikali huru ilirithi ardhi hiyo kama mali yake.

7/ Wanubi wamepigania hiyo hati miaka mingi. 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki yao ya mali ilikiukwa. 2017 wakapewa hati ya ardhi ya jamii, ekari 288. Linganisha na zile 4,000 na zaidi.

8/ Wengine wote waliojenga Kibera walijenga kwa ruhusa ya chifu au mzee wa kijiji, mara nyingi ya mdomo tu. Ndiyo maana kodi huko imekuwa siasa tangu zamani. Mwishoni mwa 2001 wenye nyumba na wapangaji walipigana kwa sababu ya kodi hiyohiyo, watu wakafa, wengine wakahama. 2008 haikuanza 2008.

9/ Sasa vuka Ngong Road uende Kawangware. Mabati ni yaleyale, matope ni yaleyale, lakini chini ya nyumba mambo ni tofauti: sehemu kubwa ya ploti zina wenyewe binafsi wenye hati. Mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, nyumba na maduka yalichomwa huko pia.

10/ Mwenye ploti Kawangware akichomewa, ardhi bado ni yake. Atajenga tena. Mpangaji aliyekuwa na kitanda, jiko na duka dogo hana hata risiti. Kwa hivyo hata palipo na hati, aliyefukuzwa anaweza kubaki mikono mitupu.

11/ "Si serikali ililipa?" Ililipa kiasi. Baada ya 2008 kulikuwa na shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa nyumba iliyoharibiwa. Lakini mpango ulilenga sana waliokuwa kambini. Aliyeenda kulala kwa dadake Kangemi au kupanga chumba Dagoretti, mara nyingi hakuingia kwenye orodha.

12/ "Basi waende kortini." Hapo pia kuna kisiki. Kenya, deni la kodi lina miaka 6 ya kulidai, na fidia ya mali iliyoharibiwa ina miaka 3. Hesabu mwenyewe tangu 2008. Ombi la kikatiba halina muda maalum, lakini korti itakuuliza ulichelewa kwa nini.

13/ Na aliyeingia? "Nimekaa zaidi ya miaka 12, ni yangu." Hapana. Kanuni ya miaka 12 haifanyi kazi kwenye ardhi ya umma. Kwa hivyo Kibera aliyefukuzwa hana hati, na aliyeingia pia hana. Wanagombana juu ya kitu ambacho serikali inaweza kuwabomolea wote wawili. Julai 2018 tingatinga za barabara zilipopita Kibera, hazikuuliza nani alikuja lini.

14/ Kuna mwanga kidogo. Januari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa 2011. Ilisema watu wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hati, lakini wanapata haki ya makazi ambayo lazima ilindwe.

15/ Na kuna sheria. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inataka kuwe na njia ya kuwarudishia nyumba, ardhi na mali, bila ubaguzi. Hata mkataba wa nchi za Maziwa Makuu wa 2006, wenye itifaki kuhusu mali ya wanaorudi makwao, ulitiwa saini hapahapa Nairobi. Maneno tunayo.

16/ Kwa hivyo, ukisikia "warudishiwe nyumba", uliza:
– Aliyemo ndani leo atalala wapi?
– Asiyetaka kurudi atalipwa fidia ya kuta na kodi?
– Mpangaji na mchuuzi wamo?
– Bila hati, ushahidi gani utakubaliwa? Majirani? Barua ya chifu? Stima?

17/ Na ukisikia "ni ya anayeishi ndani", uliza: je, ukifukuzwa wewe kesho, bado utasema hivyo?

18/ Fidia kwa aliyetoka na ulinzi kwa aliyemo si maadui. Vinaweza kwenda pamoja, mradi serikali iliyo na ardhi ikubali kugharamia, badala ya kuwaachia majirani walipane wenyewe kwa panga. Mwanasiasa anayekuambia lazima uchague kimoja anataka kura yako, na ile nyumba ya mama wa Gatwekera itamngoja hadi kampeni ijayo.