Dhana ya Unafuu katika Sera ya Makazi ya Mijini: Mfano wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Kenya ya Mwaka 2024

Makala haya yanachunguza jinsi maana ya neno nafuu inavyoathiri nafasi ya watoa huduma muhimu katika mipango ya miji. Hawa ni wauguzi, askari wa zimamoto, wazoataka na wengineo ambao kazi yao haiwezi kufanywa kutoka mbali. Kenya ilipotangaza kafyu ya kudhibiti korona mnamo Machi 2020, watoa huduma muhimu waliruhusiwa kutoka usiku. Hata hivyo, kuruhusiwa kufika kazini si sawa na kuweza kuishi karibu na kazi.

Katika matumizi ya kawaida, nafuu ni hali ya mtu: mgonjwa hupata nafuu, mwenye dhiki huona nafuu. Istilahi nyumba za bei nafuu huiondoa hali hiyo kwa mkaaji na kuihamishia kwenye bei. Nafuu ya bei hupimwa kwa bei ya soko, ilhali nafuu ya mtu hupimwa kwa mshahara wake.

Sheria ya Kenya imepiga hatua kwa kuzingatia kipato. Nyumba za kijamii zimelengwa kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Za bei nafuu, kwa wenye kati ya 20,000 na 149,000. Na za tabaka la kati, kwa wanaozidi kiwango hicho. Tatizo ni upana wa kundi la pili. Kwa kigezo kilichozoeleka cha asilimia 30 ya kipato, mtu wa chini kabisa katika kundi hilo anamudu shilingi 6,000 kwa mwezi, na wa juu kabisa 44,700. Wote wawili wanaitwa walengwa wa nyumba za bei nafuu, na kila mwajiriwa hukatwa tozo ileile ya asilimia 1.5 ya mshahara.

Aidha, makundi hayo hayapimi umbali. Jijini Nairobi, mitaa ya Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Nia ilikuwa kumfaa mwajiri, lakini kanuni ya kuweka makazi karibu na kazi ingali na uzito. Muuguzi wa zamu ya usiku anayepanga pembezoni mwa jiji hupunguza kodi na kuongeza nauli. Magari yakiadimika, usalama wake nao huwa hatarini.

Kwa nchi jirani zinazoandaa sera kama hizi, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila sera ibainishe nyumba ni nafuu kwa nani na kwa kipato gani. Pili, kodi na nauli zihesabiwe pamoja. Tatu, sehemu ya ardhi ya umma iliyo karibu na hospitali na vituo vya zimamoto itengewe nyumba za kupanga za watoa huduma, kabla haijagawiwa kwa matumizi mengine.