Mbio za Magari ya Umeme Mjini: Nani Aulizwe Kwanza?

Katika toleo hili tunaeleza jinsi mji unavyoandaa mbio za magari ya umeme. Magari ya Formula E hutumia betri, hayatoi moshi, na kelele zake ni ndogo kuliko za magari ya mbio ya petroli. Ndiyo maana mbio hizo, zilizoanza Beijing mwaka 2014, huweza kufanyika katikati ya mji.

Hata hivyo, barabara haigeuki uwanja kwa siku moja. Lami hurekebishwa, kuta za zege na nyavu za chuma hupangwa kandokando, na magari ya kawaida hupitishwa kwingine. Montreal, nchini Kanada, ilifanya hivyo Julai 2017. Wakazi walilalamika kuzungushiwa uzio. Novemba meya Denis Coderre alishindwa uchaguzi, na Desemba mrithi wake, Valérie Plante, alifuta mbio za 2018 kwa sababu ya mzigo wa gharama kwa walipa kodi.

Tunajifunza kwamba teknolojia safi peke yake haitoshi. Kabla ya mkataba kutiwa saini, wananchi waulizwe, na ijulikane nani atabeba hasara ikitokea.