Mchezaji Aambiwe Kilichobadilika

Fungua duka la programu kwenye simu ya Android, tafuta gemu lolote lenye wachezaji wengi, kisha soma sehemu inayoeleza toleo jipya limeleta nini. Mara nyingi utakuta mstari mmoja tu: hitilafu zimerekebishwa na utendaji umeboreshwa. Hitilafu zipi? Utendaji wa nini? Google inampa mtengenezaji herufi 500 za kueleza sasisho kwa kila lugha anayoichagua, Kiswahili kikiwemo, na bado nafasi hiyo hujazwa maneno yanayoweza kubandikwa kwenye programu ya benki bila mtu kushtuka. Kwa mchezaji anayenunua bando la siku, huko ni kukosewa heshima. Anaombwa atoe MB zake, angoje upakuaji uishe, akubali gemu alilolizoea ligeuzwe, na haambiwi anapokea nini. Maelezo ya sasisho ni hesabu ambayo mtengenezaji anamtolea mchezaji, nayo haijakamilika mpaka itaje kilichobadilika kwa kipimo chake, pamoja na sababu.

League of Legends, gemu la kampuni ya Marekani ya Riot Games lililotoka mwaka 2009, linaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Husasishwa takriban kila wiki mbili, na maelezo yake yana utaratibu unaofahamika: linatajwa jina la mhusika aliyeguswa, inafuata aya fupi ambamo wabunifu wanasema walichokiona na wanachotaka kitokee, halafu zinakuja namba, ya zamani kushoto, mshale katikati, mpya kulia. Anayetaka kujua tu kama mhusika wake kapunguzwa nguvu anatazama mshale na kwenda zake. Anayetaka kubishana na wabunifu anasoma aya, na hapo anapata cha kubishania: huenda akaikubali sababu akaona kipimo kimezidi, au akakikubali kipimo na kuikataa sababu. Ubishi wa namna hiyo humsaidia mtengenezaji. Mchezaji asipopewa namba anabaki kukisia, na asipopewa sababu anajitungia yake, ambayo aghalabu ni kwamba kampuni inataka anunue silaha mpya.

Namba peke yake haitoshi, hata iwe ndogo kiasi gani. Mwaka 2010 Jaime Griesemer, mmoja wa wabunifu wa gemu la Halo 3, alitoa mhadhara mzima kwenye Game Developers Conference, mkutano wa watengenezaji wa magemu, juu ya badiliko moja: muda kati ya risasi na risasi ya bunduki ya mdunguaji, uliotoka sekunde 0.5 hadi 0.7. Kwa mtu wa nje hilo ni jambo dogo mno. Lakini silaha moja ikiweza kufanya kazi ya zote, nyingine zinabaki mapambo, na mchezo mzima unapinda. Julai 2013 studio ya Treyarch nayo iligusa bunduki za Call of Duty: Black Ops II, na David Vonderhaar, aliyeongoza ubunifu wa gemu hilo, akaanza kupokea vitisho mtandaoni. Aliandika Twitter kwamba muda wa bunduki ya DSR 50 umetoka sekunde 0.2 hadi 0.4, na wa Ballista 1.0 hadi 1.1, akahoji kama vipande hivyo vya sekunde vinastahili vitisho.

Wapo wanaolitaja tukio hilo kama ushahidi kwamba maelezo huwapa wenye hasira shabaha, hivyo ni heri kunyamaza. Siafikiani nao. Kumtishia mtu ni kosa la anayetisha, na hakuna uandishi wa kumzuia asiyejizuia mwenyewe; la kufanya ni kutoa maelezo kwa jina la timu, ili mtu mmoja asibebeshwe uamuzi wa studio nzima. Lakini hebu tuzitazame tena namba zile. Kutoka 0.2 hadi 0.4 ni kungoja mara mbili ya zamani. Anayeishika bunduki hiyo kila jioni anahisi amepewa bunduki nyingine, wakati mbunifu anaona desimali imesogea. Maelezo mazuri hupima badiliko kwa mkono wa mchezaji: ukikosa risasi ya kwanza, adui sasa ana muda wa kujificha.

Epic Games walichagua ukimya. Sura ya pili ya gemu lao la Fortnite ilipoanza Oktoba 2019, waliacha kuchapisha maelezo kamili waliyokuwa wakiyatoa kwa kila toleo. Wachezaji hawakuacha kuuliza. Walihamia kwa watu wanaochokonoa faili za gemu na kutangaza walichokiona humo. Studio ikinyamaza, habari zake zitasimuliwa na wengine, na wakikosea ni juu yake kusahihisha. Hoja ya kulinda mshangao ina uzito, sikatai, maana kugundua ramani mpya ni sehemu ya raha. Basi hadithi na siri za ramani zifichwe. Sheria za ushindani, yaani nguvu za silaha, kasi na bei za vitu, hazina mshangao wenye raha ndani yake.

Wengine husema wachezaji wengi hawasomi. Ni kweli, ila wachache wanaosoma ndio wanaowaambia wenzao kwenye vibanda vya PS, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye video za YouTube, kwa hiyo kosa katika maelezo linafika mbali. Na studio ndogo isiseme haina watu. Gemu la Dwarf Fortress lilitengenezwa kwa miaka mingi na ndugu wawili, Tarn na Zach Adams. Desemba 2015 walirekebisha hitilafu iliyokuwa ikiua paka: bia ilimwagika sakafuni kwenye baa, paka wakaikanyaga, wakajilamba miguu, na gemu likahesabu kila mlambo kama wamekunywa kinywaji kizima. Mstari mmoja wa maelezo yao ulitosha kumweleza mchezaji kwa nini paka wake walikuwa wakifa. Badala yake wangeweza kuandika kwamba hitilafu zimerekebishwa.

Herufi 500 zinatosha kwa mengi. Tuseme ni gemu la mpira: “Kipa alikuwa akiganda penalti inapopigwa kushoto, tumerekebisha. Kasi ya mawinga imepungua kutoka 92 hadi 88, kwa sababu mabeki hawakuwa na namna ya kuwakaba. Baada ya kufungua gemu kuna upakuaji mwingine wa MB 180. Tumia Wi-Fi ukiweza. Simu za RAM ya GB 2 bado zinakwama kwenye marudio ya mabao, tunalishughulikia.” Hapo mchezaji anajua asasishe leo au angoje, na la muhimu zaidi, kasoro iliyobaki imetajwa na aliyeisababisha. Watengenezaji wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko mnaouza magemu kwa wasemaji wa Kiswahili, kisanduku cha Kiswahili kiko wazi kwenye akaunti zenu. Kijazeni kwenye toleo lijalo, na mstari wa kwanza uwe juu ya kile wachezaji walichokilalamikia zaidi.