Kesho unapasuliwa: na dawa ya moyo?

Tufikiri baba mumoja wa kambi, miaka 60. Akipanda mulima kifua kinamukaza, akipumzika, kinaacha. Munganga alimupa kidonge cha atenololi, kimoja kila asubui. Sasa ana ernia, kesho watamupasua. Wamemwambia: «Usikule, usikunywe kitu.» Naye, kwa kutii, anaacha hata kidonge.

Ndugu wasomaji, hatari iko hapo. Mishipa ya moyo wake imekuwa myembamba, damu inapita kidogo. Atenololi, sawa na propranololi, inapunguza mbio za moyo ili damu ile kidogo itoshe. Ukiiacha gafula, moyo unakimbia kuliko mbele. Maumivu yanarudi, na kipande cha moyo kinaweza kufa.

Wanakataza chakula ili kisitoke tumboni na kuingia mapafuni wakati mugonjwa amelala. Lakini kumeza kidonge cha moyo na maji kidogo, mara nyingi munganga anaruhusu. Muulize.

Dawa zote haziko sawa. Enalaprili, dawa ya tansyo, mara nyingi inasimamishwa siku moja mbele, sababu inaweza kushusha tansyo sana wakati wa usingizi. Aspirini inazuiza damu kuganda: munganga ndiye anaamua. Mutu aliyewekewa chuma ndani ya mushipa wa moyo asiiache hata kidogo kwa shauri lake mwenyewe.

Tena, asiyezoea dawa hizi za kupunguza mbio asizianze siku ya operesheni. Katika uchunguzi mukubwa POISE, uliotolewa mwaka 2008, wagonjwa zaidi ya 8.000 waliangaliwa. Waliopewa metoprololi saa chache mbele ya kupasuliwa, wachache walipata ajali ya moyo, lakini waliokufa walikuwa wengi kuliko wenzao. Basi, uliyozoea usiiache, usiyozoea usiikimbilie.

Mama wa nyumba, tia dawa zote za baba ndani ya mufuko mumoja, uzipeleke kwa munganga siku nyingi mbele ya operesheni. Uliza: gani ataendelea nayo? Gani ataacha, na siku gani? Akiisha kupasuliwa, ataanza tena lini? Andika majibu kwa karatasi. Na kifua kikimuuma kitandani, ita mulinzi wa wagonjwa mara moja, usingoje asubui.

Tuombe Mungu, ndiyo. Lakini kuomba na kuuliza munganga havipigane.