Kikundi chenu kinataka gari? Anzeni na mzigo

Katika mikutano ya vikundi, swali moja limekuwa likiturudia mara kwa mara: "Tumeweka akiba miaka mitatu, sasa tununue gari gani?" Kuna wanaotaka la kupeleka maziwa, kuna wanaotaka la kupeleka viazi sokoni, na kuna wale wa kukodisha mahema na viti ambao wamechoka kumlipa mwenye lori kila harusi na kila mazishi. Swali ni zuri. Pesa yenyewe ni jasho la watu wengi, imekusanywa shilingi hamsini hamsini, na gari likienda vibaya, kikundi nacho mara nyingi huenda nalo.

Sisi huwajibu kwa swali, na wengine huudhika kidogo. Mzigo wenu ni kilo ngapi? Unaenda wapi, na mara ngapi kwa wiki? Hapo wanachama hutazamana. Mmoja atasema "mwingi", mwingine atasema "inategemea". Basi kabla hamjataja Toyota wala Isuzu, nunueni daftari muandike kwa mwezi mmoja kila mzigo uliotoka, uzito wake, umbali, na pesa mliyomlipa aliyeubeba. Daftari hilo la shilingi chache litawasaidia kuliko ushauri wa broka yeyote wa magari.

Uzito usikadiriwe kwa macho. Mkebe wa maziwa wa lita 50 ukijaa hufika kama kilo 60, pamoja na mkebe wenyewe. Gunia la mahindi ni kilo 90. Gunia la viazi, kwa kanuni za mwaka 1919 la, samahani kwa wazee wa lumbesa, ni kanuni za mwaka 2019, halifai kupita kilo 50.

Sasa tuyatazame magari yenyewe. Toyota Probox, ambayo kila mtu anaijua, ilitoka Japani mwaka 2002 ikiwa gari la mizigo midogo, na mzigo wake ni kilo 400. Hiyo ni mikebe sita ya maziwa, au magunia manne ya mahindi, au manane ya viazi. Najua mtasema mmeiona ikipita na magunia kumi na watu juu yake. Sisi pia tumeiona, na tumeiona kando ya barabara ekseli ikiwa imekatika. Pikapu ya tani moja itabeba magunia kumi na moja ya mahindi bila kulalamika. Tuktuk ya mizigo huwa kati ya kilo 300 na 500 kulingana na aina. Pikipiki tusiidanganye: mikebe miwili mikubwa ni kilo 120, ongeza mwendeshaji, na hapo breki zimeshaanza kuomba msaada.

Mwenye akiba ndogo asione haya kuanza chini. Punda na mkokoteni bado wanafanya kazi Mwea na Limuru, na kazi yenyewe si mchezo. Kama soko au kituo cha maziwa kiko kilomita tatu au nne, na njia ni ya matope, punda wawili wanaotunzwa vizuri watawafaa kuliko gari bovu. Pikipiki inafaa kwa mzigo mwepesi unaotaka haraka, kama mayai, dawa za mifugo au mboga za hoteli. Tuktuk ya mizigo ni nzuri mahali palipo tambarare na barabara ngumu. Kwenye mlima mkali ikiwa imejaa, itawachosha.

Hesabu ambayo wengi huiruka

Bei ya kununua gari ni mlango tu. Tuchukue mfano wa kikundi cha maziwa chenye shilingi 600,000 za kununua pikapu iliyotumika. Kituo cha maziwa kiko kilomita 18, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 36, na kwa siku 30 ni kilomita 1,080. Gari likienda kilomita 12 kwa lita, mtatumia lita 90 kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 180: hiyo ni 16,200. (Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo hesabu hii ifanyeni upya kila mara.)

Dereva tumpe 15,000. Oili, breki na spea ndogo ndogo, 5,000. Magurudumu manne ya shilingi 8,000 kila moja yakidumu miaka miwili, ni kama 1,300 kwa mwezi. Bima tuiweke 2,500. Halafu kuna ile ambayo karibu kila kikundi huisahau: akiba ya gari litakalofuata. Mkitaka kuwa na 600,000 nyingine baada ya miaka mitano, lazima mweke 10,000 kila mwezi. Jumlisheni: shilingi 50,000 kwa mwezi, hata kabla mtu hajagongwa taa.

Kama kikundi kinatoa lita 300 kwa siku, yaani mikebe sita, ni lita 9,000 kwa mwezi. Kila lita inabeba gharama ya shilingi tano na nusu kufika kituoni. Ikiwa wa bodaboda anawatoza shilingi tatu kwa lita, kununua gari ni kujipunguzia mapato kwa hiari yenu wenyewe. Lakini kikundi kikitoa lita 600, pikapu ile ile, safari ile ile, gharama inashuka hadi chini ya shilingi tatu. Gari ni lile lile, kilichobadilika ni mzigo. Ndiyo maana tunasema vikundi viwili jirani wakati mwingine wanunue gari moja, ama kikundi kimoja kingoje mwaka mwingine huku kikiongeza ng'ombe.

Kuna njia nyingine ya kuokoa hesabu hiyo, nayo ni kulipa gari kazi ya kurudi. Likishateremsha maziwa saa tatu asubuhi, je, litarudi tupu? Kama linaweza kubeba chakula cha mifugo, simiti au mbolea ya wanachama kwa malipo, hesabu inageuka kabisa. Andikeni hilo pia kwenye daftari, lakini muandike kazi iliyopo. Ile ya "tutapata tu" msiihesabu.

Barabara na fundi wa karibu

Baada ya mzigo, tazameni njia. Watu wengi hupenda gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, maana wamekwama kwenye udongo mweusi msimu wa mvua. Ni kweli linasaidia. Lakini linakula mafuta zaidi, na likiharibika mashini zake za chini ni nyingi na ghali. Ikiwa njia hukatika wiki tatu kwa mwaka, afadhali wiki hizo mlipe punda wafikishe mzigo barabarani na gari lingoje huko. Ikiwa hukatika miezi minne, basi hapo hamna budi.

Dizeli au petroli? Dizeli huvuta mzigo mzito vizuri na huenda mbali zaidi kwa lita, nayo inafaa gari linalofanya kazi kila siku likiwa limejaa. Ubaya wake ni pampu na nozeli. Dizeli za kisasa hazivumilii mafuta machafu, na ukarabati mmoja unaweza kumeza akiba ya miezi mingi. Kwa safari fupi na mzigo wa wastani, petroli ni rahisi kutunza, na fundi wa pale sokoni anaijua.

Huyo fundi ni muhimu kuliko rangi ya gari. Wazee wanakumbuka pikapu za Peugeot, 404 na baadaye 504, jinsi zilivyopanda milima na kabichi. Ile 404 iliendelea kuundwa hapa Kenya hadi mwaka 1991. Zilikuwa gari za nguvu, lakini leo ukiivunjia kitu utazunguka mjini siku nzima. Probox imeenea kwa sababu moja kubwa: ile ya injini ya lita moja na nusu iliyozoeleka hutumia injini moja na Vitz, Fielder na Allion za miaka ile, kwa hivyo spea ziko kila mji. Isuzu nazo huundwa Nairobi, na kampuni iliyokuwa General Motors East Africa ikawa Isuzu East Africa mwaka 2017, kwa hivyo spea halisi zipo, ingawa bei yake si ya mchezo. Nendeni katika mji wenu wa karibu muulize bei ya klachi, shokamzoba na redieta ya gari mnalolitaka. Mkiambiwa "tutaagiza Nairobi", fikirini tena.

Mpya, au mpya ya Mombasa?

Kwetu Kenya, gari "mpya" mara nyingi ni lile lililoshuka melini juzi likiwa limetumika Japani. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka 2025 yaliyokubaliwa ni ya 2018 kuja juu. Ushuru nao ni wa tabaka tabaka, VAT ya asilimia 16 ikiwa moja tu kati yake, na KRA hukadiria thamani kwa orodha yake yenyewe. Hivyo msidhani kwamba mkipata bei nzuri Japani, ushuru nao utashuka.

Pikapu mpya kabisa ya dukani hupita milioni tatu. Inafaa kikundi kikubwa au Sacco yenye mkataba wa kazi, si kikundi cha watu ishirini. Wengi wetu tutanunua iliyokwisha kutumika humu nchini, na hapo ndipo macho yanatakiwa.

Nambari ya gari inaonyesha lini lilisajiliwa Kenya, si lini lilitengenezwa. Gari la KDA laweza kuwa na miaka saba zaidi ya mnavyodhani. Kilomita kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma, lakini pedali ya breki iliyolika na usukani uliong'aa havirudishwi. Kwenye ubavu wa gurudumu kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likiwashwa asubuhi likiwa baridi, simameni nyuma mtazame moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Na fundi awe wenu, mmemlipa nyinyi. Asiwe yule aliyeletwa na muuzaji.

Halafu kitabu cha gari. Kabla ya kutoa hata shilingi elfu moja ya kushikilia, tafuteni rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, muone mwenyewe ni nani na kama lina deni. Magari mengi yamewekwa rehani kwa mikopo, na mkopeshaji akija kulichukua hatauliza nyinyi mlilipa nani. Pesa zipitie benki au simu, kwa jina lililo kwenye rekodi.

Bima msidanganye. Gari likikatiwa bima ya mtu binafsi kisha likabeba mizigo ya watu kwa malipo, siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Semeni ukweli kwamba ni la biashara, na mlipeleke ukaguzi kila mwaka. Kubeba watu kwa nauli ni kazi nyingine kabisa yenye leseni zake, na mama mjamzito nyuma ya pikapu juu ya magunia si abiria, ni hatari.

Gari liandikwe kwa jina la kikundi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kupata PIN ya KRA kwa jina lake, na cheti chenu cha usajili ndicho mtakachotumia. Tunajua ni rahisi zaidi kuandika jina la mwenyekiti, "atatushikia tu". Mwenyekiti akifariki, watoto wake wataona gari la baba kwenye ua, na kitabu kitakubaliana nao. Sheria inawapa siku 14 tangu kununua kuhamisha umiliki, kwa hivyo jambo hili lisingojee mkutano wa mwezi ujao. Muhtasari wa mkutano uliokubali kununua utiwe sahihi na uwekwe pamoja na risiti. Dereva naye awe na daftari lake la kilomita na mafuta ndani ya gari, lisomwe kila Jumatatu, na ufunguo wa pili ukae kwa mweka hazina.