Kufundisha Lugha kwa Vitendo (2): Masikio Hutangulia Ulimi

Wiki iliyopita tulimwacha François Gouin, mwalimu Mfaransa aliyekwenda Hamburg, akahifadhi sarufi na kamusi ya Kijerumani, kisha akasikiliza mhadhara asiambulie kitu. Aliyemfumbua macho ni mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa akisema kila tendo alilolitenda, hatua kwa hatua. Kitabu cha Gouin kilitoka mwaka 1880. Mwaka 1925 Harold Palmer na binti yake Dorothée, huko Tokyo, wakatoa kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Lakini aliyelijenga wazo hili kuwa mbinu kamili ni James Asher wa chuo cha San José, California.

Asher alikuwa mwanasaikolojia. Alizingatia jambo ambalo kila mzazi analijua: mtoto huambiwa “lete kikombe”, akakileta, ilhali hawezi kutamka hata “maji”. Kwa miezi mingi yeye ni wa kusikia na kutenda tu. Kwa nini basi mtu mzima alazimishwe kusema siku ya kwanza? Katika miaka ya 1960 Asher alifanya majaribio kwa Kijapani na Kirusi, na mwaka 1977 akachapisha kitabu kuhusu mbinu yake, ambayo tunaweza kuiita mwitikio wa mwili mzima.

Somo lenyewe huwa hivi. Mwalimu anasema “simama” huku akisimama, na wanafunzi wanasimama naye. “Tembea.” “Geuka.” “Keti.” Baadaye yeye anatulia kitini, anatamka tu, wao wanatenda. Kisha anachanganya maneno yale yale katika amri ambayo hawajapata kuisikia: “Tembea mpaka mlangoni, geuka, uguse kiti cha Maria.” Hapo ndipo mwalimu hujua nani ameelewa na nani anamwigiza jirani. Hakuna anayeshurutishwa kusema. Atakayekuwa tayari ataanza mwenyewe kuwaamuru wenzake.

Nathubutu kusema Kiswahili kinaifaa mbinu hii kuliko lugha nyingi. Amri yetu ni kitenzi kitupu, bila nafsi wala wakati. Tena ngeli, zinazowatoa jasho wageni zikiandikwa ubaoni, hapa hupita mikononi: chukua kitabu, kiweke mezani; chukua kalamu, iweke mezani; chukua yai, liweke (polepole!) mezani, chukua mayai, yaweke. Mwanafunzi akirudia hayo kwa wiki moja, upatanisho unamkaa masikioni kabla hajaliona jedwali lolote.

Ila ipo kasoro, na kwetu ni kubwa. Mtu aliyelelewa kwa amri tupu atamwambia mama mwenyeji wake “lete chai”, au mzee wa watu “keti hapo”, naye atashangaa kwa nini nyuso zimebadilika. Mswahili humkaribisha mkubwa wake: “karibu uketi”, “naomba uniletee”. Kwa bahati njema, ile -e ya mwisho mwanafunzi ameshaizoea katika “kiweke” na “iweke”. Kutoka hapo hadi “naomba ukiweke mezani, mama” ni hatua fupi, na bado anatenda kwa mwili. Kwa maoni yangu mwalimu asiicheleweshe hatua hiyo. Heshima ikiachwa iwe somo la mwisho, amri huwa imeshaota mizizi.

Hata nyakati zinapatikana. Maria akishafungua dirisha, mwalimu huuliza darasa: “Nani amefungua dirisha?” Masharti nayo yamo: “Kama Ali amesimama, wewe keti.” Panapogota ni kwenye maneno kama tumaini, wivu na deni, ambayo hayana mkono wa kuyashika. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko huko California, aliligundua hilo darasani kwake, akaanza kuzigeuza amri kuwa hadithi. Wiki ijayo tutaangalia hadithi hizo na jinsi zinavyoigizwa.